Mtengenezaji wa chukudu angepata pointi ngapi chuo kikuu?

Kila asubuhi, kwenye barabara zinazoshuka kuelekea mji wa Goma, chukudu zinaingia na viazi, kabichi, mbao na magunia ya makala. Ni chombo cha mti chenye magurudumu mawili, kinachobeba mamia ya kilo bila tone la mafuta. Fundi anakitengeneza kwa vyombo vya mkono. Anachagua mti mgumu kwa sehemu zinazoumia haraka, anazungushia magurudumu vipande vya tairi kuukuu, na anaweka kipande cha mpira nyuma ili mwendeshaji akikikanyaga kiwe breki. Chukudu imelisha familia nyingi za Kivu ya Kaskazini tangu miaka ya 1970, na mji wa Goma umeijengea sanamu ya rangi ya dhahabu.

Hakuna chuo kikuu kilichoibuni. Lakini fundi huyo akijiandikisha leo katika somo la usanifu, ule ambao vijana wa mjini wanauita dizaini, kuna hatari kubwa aanguke mtihani. Ataulizwa maana ya usanifu kulingana na waandishi watatu. Ataombwa kutaja hatua zake kwa mpangilio, kurasa nne kwa saa mbili. Mwenzake aliyekesha akikariri silabusi, ambaye hajawahi kushika msumeno, atapita na distinction.

Hapo ndipo penye tatizo. Vyuo vingi vinafundisha usanifu kana kwamba ni somo la kukumbuka, na vinapima kumbukumbu badala ya kupima kazi. Dawa yake si kufukuza nadharia darasani. Dawa ni kubadilisha kile kinachopewa pointi, ili mwanafunzi apimwe kwa njia yote aliyopita, tangu kuelewa shida ya watu hadi kukijaribu kitu mikononi mwa wale watakaokitumia. Maadamu pointi zinabaki kwenye karatasi, hakuna hotuba ya rekta itakayobadilisha masomo, kwa sababu mwanafunzi anasoma kile anachojua kitaulizwa.

Congo haianzi na sifuri

Kufundisha kwa mikono si jambo geni katika nchi hii. Mwaka wa 1943, Frère Marc Wallenda, mtawa kutoka Ubelgiji, alifungua shule ya sanaa huko Gombe-Matadi, katika Congo ya Chini. Mwaka wa 1949 shule hiyo ilihamia Léopoldville, Kinshasa ya leo, na tangu 1957 inajulikana kwa jina la Académie des Beaux-Arts. Mpaka sasa vijana wanajifunza humo uchongaji, ufinyanzi, upangaji wa ndani ya nyumba na mawasiliano kwa picha.

Upande wa Katanga, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua mwaka wa 1946 karakana iliyoitwa Le Hangar, huko Élisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi. Humo walitoka Pilipili Mulongoy, Mwenze Kibwanga na Bela, aliyepaka rangi kwa ncha za vidole. Mwalimu wao hakutaka wanakili picha za Ulaya. Alitaka kila mmoja aangalie samaki, ndege na majani anayoyajua, kisha atafute mkono wake mwenyewe. Mwaka wa 1951 mchoraji Laurent Moonens, Mbelgiji, alianzisha shule ya sanaa katika mji huo huo.

Kukumbuka historia hiyo si kuwasifu wakoloni. Utawala ule haukuwa na haraka ya kumpa Mcongomani elimu kamili. Chuo kikuu cha kwanza, Lovanium, kilifunguliwa mwaka wa 1954 tu, miaka sita kabla ya uhuru. Katika karakana zile mkono ulifunzwa vizuri, lakini maswali makubwa, kama vile nani anaamua kitu gani kitengenezwe na kwa faida ya nani, yalibaki kwa Mzungu. Hata hivyo kuna jambo moja la kuokota humo: mwalimu aliiona kazi ya mwanafunzi ikizaliwa siku kwa siku. Hakungoja kuipokea ikiwa imekauka, imefungwa katika bahasha.

Vyuo vya leo vimegeuza mambo. Maswali ya nadharia yameingia darasani, na ni vizuri. Lakini mkono umebaki nje ya mlango.

Pointi zinaficha nini?

Mambo huenda mara nyingi hivi. Somo la usanifu lina saa zake kwenye ratiba. Mwalimu, ambaye pengine anafundisha katika vyuo vitatu ili apate cha kulisha watoto, anakuja kwa wiki mbili, anamaliza saa zote, anaacha silabusi na kuondoka. Auditori imejaa mamia ya vijana. Kazi ya vitendo, ile TP, ni mchoro ambao mwanafunzi anaenda kuufanya nyumbani. Tarehe ikifika, michoro inarundikwa juu ya meza ya asistenti. Ule ulio safi unapata 15 kwa 20, ule wenye alama za kufutwafutwa unapata 9.

Hapo asistenti amepima nini? Amepima usafi wa karatasi. Hajui mwanafunzi alianzia wapi, alikosea wapi, alibadilisha nini na kwa sababu gani. Pengine ule mchoro wenye kufutwafutwa ndio wa kijana aliyefikiri zaidi.

Desturi hii ina mizizi ya mbali. Katika École des Beaux-Arts ya Paris, kwa muda mrefu, juri ilikuwa inapima michoro ya wanafunzi wa ujenzi nyuma ya mlango uliofungwa, mwenyewe akiwa nje. Kijana alikuja kuambiwa matokeo bila kueleza kazi yake na bila kuelezwa kosa lake. Shule nyingi za dunia zimeacha njia hiyo. Zimeweka mahali pake juri ya wazi, ambapo mwanafunzi anasimama mbele ya kazi yake na kuitetea.

Kupima karatasi peke yake kuna hatari nyingine, na wanafunzi wanaijua kuliko walimu. Karatasi inanunuliwa. Si siri kwamba kuna watu wanaoishi kwa kuwaandikia wengine TFC, toka ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho. Siku hizi programu za kompyuta zinachora nyumba, nembo au kiti kwa dakika moja, kulingana na sentensi mbili zilizoandikwa kwa simu. Mwalimu anayepima picha ya mwisho tu hawezi tena kujua amempa pointi nani.

Halafu kuna jambo ambalo familia zinalizungumza kwa sauti ya chini. Pale ambapo hakuna vigezo vilivyoandikwa, pointi inakuwa mali ya mwalimu. Mwalimu mwaminifu atajitahidi kuwa wa haki. Yule mbaya ataiuza kwa dola, au atamwita mwanafunzi wa kike ofisini jioni. Usanifu uko katika hatari zaidi kuliko hesabu, kwa sababu ni rahisi kusema: «Mchoro wako haujanipendeza.» Msichana aliyeambiwa hivyo atakata rufaa kwa kutumia nini, ikiwa hakuna mahali palipoandikwa kazi nzuri ni ipi?

Nadharia isifukuzwe

Wengine, wakiona hali hii, wanasema basi tuwatume vijana wote kwa mafundi, vitabu vifungwe. Hilo nalo ni kosa. Fundi wa chukudu anajua kwa mikono yake mti gani unafaa, lakini ujuzi huo unaweza kufungwa ndani ya chombo kimoja. Nadharia ndiyo inayomwezesha mtu kutoa somo la chukudu na kulipeleka kwenye machela ya kubebea wagonjwa milimani, au kwenye kigari cha mlemavu anayevuka mawe ya lava.

Nchi ya mashariki ina sababu nzito za kuhitaji watu wa namna hiyo. Volkano ya Nyiragongo ilishuka ndani ya mji wa Goma mwezi wa kwanza 2002, kisha ikatoka tena tarehe 22 mwezi wa tano 2021. Tarehe 4 mwezi wa tano 2023, mafuriko yalifagia Bushushu na Nyamukubi, katika eneo la Kalehe, na kuua watu zaidi ya 400. Nyumba ya mbao ya Goma ina akili ndani yake. Haiombi msingi mrefu katika mwamba wa lava, ni nyepesi, na mwenyewe akihama anaweza kuibomoa na kuondoka nayo. Lakini nyumba za mbao zikibanana, jiko moja likianguka, mtaa mzima unaungua. Kuona uzuri na hatari ya kitu kimoja kwa wakati mmoja, na kutafuta la kufanya, ndiyo kazi ya msanifu. Kazi hiyo inahitaji kujua namna moto unavyotembea, namna maji yanavyokula udongo, na namna watu masikini wanavyoamua mahali pa kujenga.

Mfano mwingine ni wa karatasi za kubandika ukutani. Ugonjwa wa Ebola ulipotangazwa Kivu ya Kaskazini tarehe 1 mwezi wa nane 2018, ulienea mpaka Ituri na kuua watu zaidi ya 2 200 kabla ya kutangazwa kuwa umekwisha mwezi wa sita 2020. Fedha nyingi zilitumika kwa ujumbe wa kinga. Lakini sehemu ya ujumbe huo ilitolewa kwa Kifaransa, au kwa Kiswahili cha vitabuni ambacho mama wa Beni au wa Butembo hakukizoea, na mashirika yenyewe yalilazimika kurudi kuuliza watu wanaelewa nini. Kupanga maneno na picha ili mtu aelewe haraka, tena akiwa na woga, ni usanifu. Na kuna njia moja tu ya kujua kama umefaulu: kumwonyesha yule mama, kumwuliza ameelewa nini, kisha kunyamaza na kumsikiliza. Ni masomo mangapi ya mawasiliano yanayotoa hata pointi moja kwa jaribio hilo?

Walichofanya wengine

Mwaka wa 1919, mjini Weimar, Ujerumani, Walter Gropius alifungua shule ya Bauhaus. Aliona shida ile ile: wasomi hawajui kushika kitu, mafundi hawajafunzwa kuuliza. Katika karakana za mwanzo aliweka walimu wawili kwa mwanafunzi mmoja. Wa kwanza alikuwa msanii aliyefundisha umbo, wa pili fundi aliyefundisha kazi ya mti, ya chuma au ya kufuma. Mpango huo ulikuwa na ugomvi wake, maana walimu wawili ni wakubwa wawili. Shule ilipohamia Dessau mwaka wa 1925, iliwapa nafasi wahitimu wake wenyewe, ambao sasa walijua umbo na kazi pamoja. Serikali ya Hitler ilipoingia mwaka wa 1933 shule ilifungwa, lakini njia yake ya kufundisha ilienea duniani.

Mfano wa karibu zaidi na hali ya Congo unatoka India. Mwaka wa 1958, serikali ya nchi hiyo iliwaomba Wamarekani wawili, Charles na Ray Eames, waandike ripoti kuhusu namna ya kufundisha usanifu katika taifa ambalo lilikuwa limepata uhuru miaka michache nyuma. Waliweza kuisifu viti vya Amerika. Badala yake walichagua lota, chombo cha kawaida cha kutekea maji ambacho mama wa kijijini hubeba kichwani au kiunoni. Wakaorodhesha maswali ambayo umbo la lota limeyajibu kwa miaka mingi: kinabeba kiasi gani, kikijaa uzito unakaa wapi, mkono unakishika namna gani, kinasafishwa vipi, kinauzwa bei gani. Kutokana na ripoti hiyo, chuo cha taifa cha usanifu kilianzishwa mwaka wa 1961 katika mji wa Ahmedabad.

Hakuna kinachozuia chuo cha Goma, Bukavu, Butembo, Bunia au Lubumbashi kuanza hivyo. Wiki ya kwanza ya somo, badala ya maana tatu za waandishi watatu, chukudu moja iingizwe darasani. Kwa nini usukani uko juu hivyo? Uzito unakaa wapi wakati wa kuteremka? Sehemu gani inavunjika kwanza, na fundi anaitengeneza kwa dakika ngapi? Nani amefaidika na nani ameumia? Hayo ni maswali ya nadharia safi. Yanaweza kuulizwa hata siku ya mtihani.

Mbabula kama mtihani

Chukua kazi moja inayoeleweka na kila mtu: kutengeneza mbabula inayokula makala kidogo. Kwa miaka mingi, sehemu kubwa ya makala yanayopikiwa Goma imetoka katika misitu ya mbuga ya Virunga, na biashara hiyo imewanufaisha hata wenye silaha. Basi mbabula si kazi ya kuchekwa na mtu wa chuo kikuu.

Kwa njia ya sasa, mwanafunzi angechora mbabula nzuri, aipake rangi, aandike kurasa kumi kuhusu mazingira, apate pointi zake. Kwa njia nyingine, pointi 20 zinagawanywa mara nne, na mgawanyo huo unabandikwa mlangoni siku ya kwanza.

Pointi 5 za kwanza ni za kuelewa shida. Mwanafunzi ameenda kwa familia ngapi? Amepima makala wanayotumia kwa siku? Amegundua kwamba mama anahamisha mbabula toka nje kwenda ndani mvua ikinyesha, na kwa hiyo uzito wake ni jambo kubwa?

Pointi 5 za pili ni za majaribio. Mwanafunzi anashika daftari moja, analiandika kila wiki, na mwalimu analitia sahihi. Humo kuna michoro iliyokataliwa, udongo uliopasuka, tundu la hewa lililokuwa dogo mno. Kosa lililoandikwa na kuelezwa linapewa pointi. Mbabula yenye udongo ndani iliyoenea Kenya katika miaka ya 1980 ilipita njia hiyo hiyo. Ilianza na umbo lililotoka Thailand, udongo ukawa unapasuka na chombo kinakuwa kizito, mafundi na wapishi wakalalamika, umbo likabadilishwa mpaka likafika lile lenye kiuno chembamba ambalo leo linajulikana nchi nyingi. Mwanafunzi aliyepima toleo la kwanza tu angesema mradi umeshindwa.

Pointi 5 za tatu ni za kitu chenyewe. Makala yanapimwa kwenye mizani, maji yanachemshwa, saa inaangaliwa, mara tatu. Kisha mbabula inakaa wiki moja jikoni kwa familia tatu, na wenye jiko wanasema kama wataikubali au wataitupa.

Pointi 5 za mwisho ni za utetezi. Mwanafunzi anasimama mbele ya juri na kueleza kwa nini. Hapa nadharia inarudi na nguvu zote: kwa nini udongo unatunza moto kuliko bati, hewa inaingia vipi, makala yana gharama gani kwa msitu, kazi yake inatofautianaje na zile zilizokuwako. Aliyenunua mbabula sokoni na kuipaka rangi ataanguka hapa ndani ya dakika tano. Aliyekariri bila kufanya ataanguka katika sehemu tatu za kwanza. Na fundi wa mkono aliyekuja kusoma ataelewa kwamba chuo kinaongeza kitu juu ya ujuzi wake, hakiji kuudharau.

Majibu kwa wanaokataa

Kuna wanaosema kwamba kupima njia ni kupima maono ya mwalimu, na kwamba mtihani wa maandishi ni wa haki zaidi. Ukweli ni kwamba mtihani wa maandishi una haki ya juu juu: unampima kila mtu kwa kipimo kimoja, lakini kipimo chenyewe si cha kazi hiyo. Mmarekani Donald Schön, katika kitabu alichotoa mwaka wa 1983, alichunguza namna mwalimu na mwanafunzi wa ujenzi wanavyoongea juu ya mchoro mmoja. Alionyesha kwamba mtu wa kazi anafikiri akiwa ndani ya kazi: anafanya, kazi inamjibu, anabadilisha. Fikra hiyo inaweza kuonekana na kupimwa, ikiwa mwalimu yuko karibu kuitazama. Ili maono ya mtu mmoja yasitawale, vigezo vinaandikwa mapema, wapimaji wanakuwa wawili, kila mmoja anaandika pointi zake kabla ya kusikia za mwenzake, na mwanafunzi anapewa sababu kwa maandishi. Mwalimu mwovu hapendi njia hii kwa sababu inamfunga mikono.

Pingamizi la pili ni la idadi, na lina uzito. Mwalimu mmoja hawezi kusoma daftari 300 kila wiki. Lakini anaweza kupanga vikundi vya watu watano na kuwapa maasistenti sehemu ya kazi. Hapo kuna mtego ambao kila mwanafunzi anaujua: katika watano, wawili wanafanya, watatu wanasubiri pointi. Ndiyo sababu kitu kinaweza kuwa cha kikundi, lakini daftari na utetezi lazima viwe vya mtu mmoja mmoja. Na kama hata hivyo idadi inashinda, chuo kiwe na ujasiri wa kusema ukweli: kuandikisha vijana 300 katika somo la vitendo kwa ajili ya minervali yao, bila walimu wala karakana, ni kuwauzia kitu ambacho hakipo.

Tatu, fedha. Karakana kamili ni ghali, na katika miji ambayo vita vimefunga benki na kukata barabara, kuizungumzia kunaweza kuonekana kama ndoto. Lakini kazi ya usanifu inaweza kuanza na udongo, katoni, vipande vya mbao vinavyotupwa na maseremala, na bati kuukuu. Kilicho ghali kweli ni muda wa mwalimu. Hapo serikali haiwezi kukwepa. Profesa ambaye mshahara wake unachelewa, na ambaye anakimbia kutoka chuo hiki kwenda kile, hatakaa karakanani kuangalia mikono ya wanafunzi, hata kama moyo wake unapenda.

Nne, inasemekana kwamba fundi asiye na diploma hawezi kukaa katika juri ya chuo kikuu. Kanuni za chuo ziheshimiwe: pointi zitiwe sahihi na mwenye cheo. Lakini hakuna kanuni inayokataza kumwalika seremala, mwashi au mama muuza chakula aje kuuliza maswali na kutoa maoni yake mbele ya wote. Profesa mwenye elimu ya kweli haogopi swali la seremala.

LMD isiwe shati jipya tu

Wakati unafaa. Serikali iliamua kueneza mfumo wa LMD katika vyuo vya nchi tangu mwaka wa masomo 2021-2022. Graduat ya miaka mitatu na licence ya miaka miwili zinaacha nafasi kwa licence ya miaka mitatu yenye kredi 180, na master ya miaka miwili yenye kredi 120. Katika mfumo huu, kredi 30 za kila semesta hazihesabu saa za mwalimu peke yake. Zinahesabu pia kazi ambayo mwanafunzi anafanya mwenyewe: kutembelea familia, kujaribu, kuandika daftari. Kwa maneno mengine, sheria za LMD tayari zinatambua njia. Kilichobaki ni mtihani kuitambua.

Lakini katika auditori nyingi, kilichobadilika ni majina. Silabusi ni ile ile, maswali ni yale yale, na alama za satisfaction na distinction zinagawiwa kama zamani. Mkuu wa kitivo anaweza kubadilisha hilo bila kungoja Kinshasa. Aanze na somo moja, mwaka mmoja wa masomo, kazi moja inayohusu mtaa ambao chuo kimejengwa. Vigezo vibandikwe mlangoni. Juri ifanyike hadharani, na wakaaji wa mtaa waalikwe. Mwisho wa mwaka, walimu wakae chini waangalie nini kimeenda vibaya, warekebishe, waanze tena. Hiyo yenyewe ni kazi ya usanifu, na wanafunzi watajifunza mengi kwa kuwaona walimu wao wakiifanya.

Wazazi nao wana sehemu yao. Wengi wameuza ng'ombe, kiwanja au mavuno ya msimu mzima ili mtoto afike mwaka wa mwisho. Siku ya kutangaza matokeo wanauliza swali moja tu: amepata asilimia ngapi? Wana haki ya kuuliza zaidi, kwa mtoto na kwa chuo: ametengeneza nini, nani anakitumia, na kilipovunjika alifanya nini?